Lori la Ndizi Lililoombewa Mraru

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, shika hili kwanza. Nyama itangoja.

Nilikuwa nimewaeleza habari za binti yangu Shanice, mwanafunzi wa biashara pale chuoni Voi, mwaka wake wa mwisho. Chuo kilitangaza kwamba asiyepata mahali pa kufanyia mafunzo ya kazi hatavaa joho mwaka huu. Shanice akapeleka maombi kila ofisi yenye mlango. Wote wakamjibu "tutakupigia". Hakuna aliyepiga, ila mtu mmoja wa Kishushe aliyekosea namba, akitafuta mbuzi.

Ndipo likaja shindano. Wanafunzi hupewa habari ya biashara inayougua, biashara ya kweli kabisa, halafu kila kundi linajifanya daktari. Siku ikifika wanasimama mbele ya majaji kusema dawa ni ipi. Kundi litakaloshinda, wote watapelekwa Mombasa kwa kampuni kubwa ya mizigo wakafanye mafunzo huko.

Mgonjwa wa mwaka huu alikuwa kiwanda cha wakulima kule Mahoo, upande wa Taveta, kinachokaanga krispi za ndizi. Mashine zipo. Wafanyakazi wapo. Mikungu imejaa mashambani hadi inaegemezwa miti. Lakini kiwandani ndizi haziingii. Kwa nini?

Sasa tegeni sikio. Nawaandikia wazazi wenye watoto vyuoni, na hasa wale wanaopenda kuombewa.

Kundi la Shanice lilikuwa la watu watatu, nalo lilijiita Tembo. Niliwauliza kama wamekosa mnyama mwingine, maana huku kwetu Mraru kazi ya tembo tunaijua: ni kula mahindi ya watu na kuangusha tangi la maji. Wakacheka. Wakasema mimi sielewi mambo ya chapa.

Kiongozi alikuwa Lewis, mtoto wa mwalimu mkuu kutoka Wundanyi. Lewis alijipendekeza mwenyewe, akajiunga mkono mwenyewe, kisha akatushukuru kwa imani yetu kwake. Alikuwa na koti la buluu ambalo hakulivua hata jua la Voi likikausha mate mdomoni. Kazi yake ilikuwa slaidi. Alizibadilisha rangi asubuhi, akazibadilisha jioni, mpaka nikadhani ugonjwa wa kiwanda ni rangi.

Wa pili alikuwa Festus, mzito wa kusema, mwepesi wa kula. Lewis alimpa cheo kirefu cha Kiingereza, lakini ukikikamua unabaki na kupanga viti na kuleta maji.

Wa tatu ni Shanice wangu, ambaye kazi yake ilikuwa mambo mengine yote.

Walikutania kwangu kwa sababu nina sebule, na kwa sababu nina chai. Walibandika kuta zangu vikaratasi vya manjano hadi juu ya picha ya harusi. Baba Shanice, Mungu amrehemu, akabandikwa neno "Udhaifu" kifuani. Sikuliondoa. Waliomjua watanielewa.

Mikutano yenyewe ilikuwa hivi: Lewis anasema, Shanice anaandika, Festus anatafuna. Mwishowe Lewis anauliza kama kuna mwenye wazo tofauti, na kabla mtu hajavuta pumzi anasema, vizuri, tumekubaliana.

Shanice akachoka na kuta. Akamshika Festus, ambaye nyanyake analima Mahoo, wakaenda kumwona mgonjwa kwa macho. Lewis alikataa. Alisema daktari wa kisasa hupimia kwenye kompyuta.

Walirudi na mavumbi hadi kwenye kope, na mtoto wangu macho yanamng'aa. Alikuwa ameona. Lori la kiwanda hupita Mahoo kuchukua ndizi Jumatatu. Sasa Jumatatu nani anakata ndizi? Soko la Taveta ni Jumatano na Jumamosi, na watu hukata siku moja kabla ya soko. Lori likija linakuta majani. Soko likikaribia, ndizi zinabebwa na madalali.

"Mama, dawa ni siku tu," akaniambia. "Walibadilishie lori siku. Hakuna kundi lingine litaona hii kitu, wote wamekaa kwa kompyuta."

Nikamwuliza Shanice, je, Festus naye anaonaje. Akasema Festus hajasema kitu, alikuwa anamsaidia nyanyake kazi.

Basi siri ikawa siri. Lewis akawakataza hata kuota kwa sauti.

Alhamisi hiyo ushirika wa akina mama ulikuwa kwangu, kwa zamu. Mnaujua ushirika. Wimbo, neno, chai, kisha mahitaji ya maombi. Na hapo kwenye mahitaji ndipo habari zote za Mraru hupita, zikiwa zimefumba macho.

Kiongozi wetu ni Tryphena, mama mwenye sauti ya kuita mvua. Ni mama mzazi wa Koki, na Koki yuko chuo hicho hicho, darasa hilo hilo, na ana kundi lake kwenye shindano hilo hilo. Hayo niliyajua. Siku hiyo Koki alikuja na mamake, kitambaa kichwani, magoti pamoja, akaniamkia, "Shikamoo, Auntie," kwa unyenyekevu wote. Nikajiambia, msichana wa siku hizi kuacha simu akaja ushirika, hiyo ni neema.

Shanice alipopita na birika, Tryphena akamshika mkono. Akasema tumesikia mtoto wetu ana vita mbele yake, hebu apige magoti hapa katikati.

"Tukuombee nini, mwanangu?"

"Shindano tu, mama. Liende vizuri."

"Liende vizuri vipi? Wewe ukienda dukani unasema nipe kitu? Mungu haombwi kwa mafumbo. Taja."

Mtoto akanitazama. Nami niliyemzaa nikamkonyeza: taja.

Mnanilaumu, lakini mjue mambo yalivyo. Kwetu, anayeficha hitaji lake mbele ya wanaomwombea ni kama amewaambia hawaaminiki. Kuna mama mmoja alikataa kutaja ugonjwa wake. Hadi leo akiugua anajiombea mwenyewe. Nami nilikuwa silali kwa ajili ya lile joho. Nilitaka maombi yenye anwani.

Basi Shanice akataja. Lori. Jumatatu. Siku moja kabla ya soko. Akina mama wakaitikia "Eeh, Bwana" kila alipotua. Kisha Tryphena akamwekea mkono kichwani akamweleza Mungu mambo yote upya, kwa mpangilio mzuri kuliko slaidi za Lewis. Baba, lile lori la Mahoo, lisiende tena Jumatatu. Baba, lipeleke watu wakiwa wamekata.

Nilifumbua jicho moja. Koki alikuwa amefumba yote mawili, midomo inamcheza. Nilidhani anasali. Kumbe anakariri.

Siku ya shindano nilivaa kitenge changu cha harusi za watu nikaingia ukumbini mapema. Kwenye meza ya majaji alikaa Madam Carolyne, mkuu wa idara ya biashara, na kando yake mgeni wa heshima, Bwana Obadiah, meneja wa kile kiwanda cha Mahoo. Alikuwa mtu mcheshi, aliyesalimia safu ya mbele mkono kwa mkono kama anayegombea kiti.

Tryphena akaja akaketi nami nyuma. Tukashikana mikono kama ndugu. Kura ikapigwa, kundi la Koki likaitwa la kwanza.

Koki alipanda na slaidi moja tu. Picha ya lori.

Akasema tatizo la Mahoo si mashine wala wafanyakazi, ni siku. Akataja Jumatatu. Akataja soko la Taveta. Maneno yalifuatana vile vile yalivyofuatana sebuleni kwangu, hata nikangoja amalizie kwa amina. Ukumbi ukapiga makofi. Bwana Obadiah alipiga taratibu, akamwuliza kama amefika Mahoo. Koki akajibu kwamba utafiti wake ulitoka kwa watu wa karibu.

Niliuachia mkono wa Tryphena. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yakagombania mlango mmoja.

"Mungu hujibu maombi, Mama Shanice," akasema, macho yake mbele. "Hakusema atajibu ya nani."

Niliwaona Tembo wakitoka kwa mlango wa pembeni, nami nikachukua chupa yangu ya chai nikawafuata. Walikuwa nyuma ya ukumbi, karibu na vyoo. Niliwasikia kabla ya kuwaona.

Lewis alikuwa anatafuta msaliti. Alimwanza Festus, akamwambia mtu anayekula kwa watu huongea kwa watu. Festus akamwambia achunge mdomo. Shanice akaingia katikati yao akasema ukweli wote: ushirika, magoti, na mama yake kukonyeza. Mimi nikajibanza nyuma ya tangi la maji.

"Yaani ulipatia adui dawa yetu ukiwa umepiga magoti?" Lewis akauliza.

"Nilikuwa naombewa."

"Si ungeombewa kwa Kiingereza basi."

Kisha akatoa mpango wake mwenyewe. Alikuwa nao tangu mwanzo, akasema, ila aliwaheshimu wenzake. Programu ya simu. Mkulima anabonyeza, droni inaruka, inaupiga mkungu picha. Shanice akamwuliza kama droni itaubeba huo mkungu. Lewis akasema hayo ni mambo ya utekelezaji. Na wakirudia habari ya lori, akaongeza, wataitwa wezi, na Mombasa waisahau.

Shanice akaketi kwenye ukingo wa saruji, akafunika uso kwa viganja. Hakulia. Mtoto huyu akikata tamaa huwa hata machozi hayatafuti.

"Hata hiyo ya Koki haiwezi fanya kazi," Festus akasema.

Ukiacha za kuomba chai, hiyo ndiyo sentensi ndefu zaidi niliyowahi kuisikia kwake.

"Kwa nini?"

"Hiyo siku kabla ya soko, lori haiko. Iko kazini. Inabebea madalali ndizi. Wanafunika jina la kiwanda na turubai ya kijani. Tulipoenda kwa nyanya mimi mwenyewe nilisaidia kupakia."

Ndani ya ukumbi kundi lingine lilikuwa linasoma takwimu kama tangazo la mazishi.

"Festus," Shanice akasema polepole, "wiki zote hizi tumekaa kwa mama. Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nataka kusema. Lewis akasema vizuri, tumekubaliana."

Lewis aliangalia chini, akaangalia juu, kisha akalivua lile koti, na nikaona kwamba chini yake alikuwa kijana mwembamba tu mwenye jasho mgongoni.

Shanice akasimama. Akataka waingie saa hiyo wamtaje meneja na lori lake, maana lori la kiwanda halitoki bila meneja kujua. Lewis akamkatalia, na nitampa haki yake, mara hii alikuwa na akili. Akasema mtu huyo yuko meza ya majaji. Ukimwita mwizi utakosa shindano, utakosa joho, na utaitwa polisi. Usimwambie kitu, mwulize. Weka swali mezani, watu wajijibu wenyewe. Festus akakumbuka lori huingilia njia ipi sokoni. Shanice akaona mahali pa kulipachika lile swali. Mmoja akaanza neno, mwingine akalimaliza. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyebandika.

Nilitamani nitoke niwape chai. Nikaogopa kuharibu tena.

Kuta zangu zimebeba karatasi za kundi hilo hadi rangi ikabanduka, na kundi halikuwepo. Lilikuja kuzaliwa siku hiyo, kando ya vyoo vya chuo, mkunga wake aibu.

Walipanda bila slaidi. Lewis akafungua, sauti ikimpanda na kumshuka. Festus akaeleza jinsi ndizi inavyokatwa, watu wakacheka mahali ambapo hakukusudia wacheke, akaendelea tu. Kisha Shanice akasogea mbele.

"Kundi la kwanza limesema lori lihamishwe, liende siku moja kabla ya soko," akasema. "Ni wazo zuri. Sisi tuna swali moja kwa kiwanda. Siku hiyo, kwa sasa, lori liko wapi?"

Akaeleza habari ya turubai la kijani. Hakumtaja mtu.

Makofi hayakuja. Madam Carolyne alimtazama jirani yake kwa pembe ya jicho. Bwana Obadiah alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lenyewe lilikuwa limesahauliwa pale usoni, kama sahani mezani baada ya wageni kwenda.

"Nani amekwambia hayo, binti?"

Mzazi mwenzangu, hilo ndilo swali lililonifanya niikalie mikono yangu. Nyanyake Festus huuza ndizi kwa kiwanda hicho na kwa madalali hao hao. Akitajwa, mikungu yake itaozea shambani. Nilimwona Festus amekaza shingo.

"Tumeona, mheshimiwa."

"Tumeona, nani?"

"Sisi." Ilikuwa sauti ya Lewis. "Kundi lote."

Halafu akarudi nyuma, akasimama mgongoni mwa Festus asionekane. Lakini alisema. Na Lewis hajakanyaga Mahoo tangu azaliwe.

Majaji walijifungia kwa muda mrefu. Walipotoka, Madam Carolyne akatangaza kwamba wa kwanza ni kundi la Koki, kwa sababu lilijibu swali lililoulizwa. Kundi la Tembo liliuliza lingine. Kwa hivyo Tembo ni wa pili, na kila mmoja atapata cheti na mwavuli.

Mwavuli, hapa Voi.

Tryphena akapiga vigelegele, akanikumbatia, akanilowesha bega kwa machozi ya shukrani. Mimi nilikuwa nimekauka. Mombasa imekwenda, na joho limeifuata.

Watu walianza kuinuka. Bwana Obadiah akaomba kipaza sauti.

Akasema amefurahi sana. Akasema amekosolewa na watoto, na mzee mwema hachukii kukosolewa. Akamwonyesha Shanice kwa kidole. Huyu msichana ana macho, na kiwanda kinahitaji macho, kwa hivyo anampa nafasi ya mafunzo kule Mahoo, chini yake yeye mwenyewe. Wale vijana wawili wana mdomo, akasema, na mdomo tayari anao wake. Ukumbi ukacheka.

"Hata kazi yake ya kwanza nimeshaipanga," akaendelea kwa upole. "Ataniletea, mmoja mmoja, watu wa Mahoo waliopakia hilo lori. Si ni ukweli tunatafuta?"

Wakashangilia. Hawakusikia alichosema. Walisikia "nafasi" wakatosheka. Madam Carolyne akasimama akiwa amefurahi kuliko wote, akasema chuo kimekubali, na kwa kuwa nafasi za mafunzo zinafungwa leo, mwanafunzi ajibu hapa hapa.

Wakampa Shanice kipaza sauti.

Festus akamtikisia kichwa, kidogo sana, usikubali. Lewis alikuwa anatazama viatu vyake. Mtoto akainua macho juu ya vichwa vya watu akanitafuta, mpaka akanipata.

Nilijua anachouliza. Nilimwona yule bibi wa Mahoo, ambaye sijawahi kukutana naye, ameinama chini ya mgomba na panga lake. Nikaliona na joho pia. Nikawakumbuka wale wa "tutakupigia", mmoja mmoja.

"Mwambie akubali," Tryphena akaninong'oneza.

Nikaitikia kwa kichwa. Nikaitikia tena, kwa nguvu, asije akasema hakuniona.

Shanice akakileta kipaza sauti mdomoni. Hakumtazama Bwana Obadiah.

"Mama," akasema, na ukumbi mzima ukageuka kunitazama, "mara ile ulinikonyeza nikataja; leo sitaji mtu."